Msaidizi aliyesimama kando: uchambuzi wa kisa cha utafiti wa kujifunza kwa miwani ya uhalisia pepe

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatokana na utafiti mmoja wa kitaaluma uliolinganisha wanafunzi waliojifunza kwa kuvaa miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji mazingira ya kidijitali pande zote, na wenzao waliojifunza somo lilelile kwenye skrini ya kompyuta. Nilikuwa katika timu hiyo nikiwa na dhamana ya uchambuzi wa data, na baadhi ya makosa yatakayoelezwa yalipitia mikononi mwangu. Jina la taasisi, mwaka, idadi ya washiriki, aina ya miwani na lolote jingine linaloweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Matokeo ya utafiti wenyewe yanaelezwa kwa maneno bila takwimu zake, kwa kuwa takwimu hizo zingetosha kumwongoza msomaji hadi kwa wahusika. Mfululizo wa matukio, maamuzi na sababu zake vimeachwa kama vilivyokuwa.

## Usuli

Somo lililochaguliwa lilikuwa umbo la moyo wa binadamu na njia ya damu ndani yake, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi za afya. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu. Katika michoro ya vitabuni chemba nne za moyo hupangwa bapa, mbili kulia na mbili kushoto, kama vyumba katika ramani ya nyumba. Katika kifua cha mtu mambo hayako hivyo: chemba ya chini ya kulia ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya uso wa mbele, ilhali chemba ya juu ya kushoto iko nyuma, karibu na umio. Mwanafunzi aliyekariri mchoro hujibu vizuri akiulizwa majina, kisha hupotea siku ya kwanza anaposhika moyo halisi uliogeuzwa. Walimu wa somo hilo walikuwa wamelalamikia jambo hili kwa muda mrefu, na miwani ilionekana kuwa jibu la moja kwa moja: mwanafunzi aingie ndani ya moyo, auzunguke, ajionee mwenyewe kila chemba iko wapi.

Matumaini ya namna hiyo hayakuanza nasi. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani mwaka 1968, na tangu hapo swali la kama kuona vitu kwa njia hiyo kunasaidia kujifunza limekuwa likirudi kila kifaa kipya kinapotoka. Majibu yaliyopatikana hayaelekei upande mmoja. Neal Seymour na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwagawa madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji katika makundi mawili. Waliofunzwa kwa mazingira pepe walitenganisha kibofu cha nyongo kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29, tena ndani ya chumba halisi cha upasuaji, na makosa yao yalikuwa machache zaidi. Upande wa pili, Jocelyn Parong na Richard Mayer walionyesha mwaka 2018 kwamba wanafunzi waliojifunza habari za mwili kwa miwani walivutiwa zaidi na somo lakini walipata alama za chini kuliko waliotazama slaidi za kawaida. Mwaka uliofuata Guido Makransky, Thomas Terkildsen na Mayer waliwapima wanafunzi 52 waliotumia maabara pepe, wakaona kwamba miwani iliongeza hisia ya kuwapo na kupunguza kilichojifunzwa.

Maneno mawili yanahitaji kutenganishwa mapema, kwa sababu mazungumzo ya kila siku huyachanganya na sisi wenyewe tuliyachanganya. Mel Slater, mtafiti wa uhalisia pepe, huita uzamishaji ule uwezo wa kifaa unaoweza kupimwa bila kumuuliza mtu yeyote, kama vile upana wa picha na kasi ya picha kufuata mwendo wa kichwa. Hisia ya kuwapo ni jambo jingine: ni namna mvaaji anavyojihisi kwamba yuko mahali pale. Cha kwanza ni sifa ya chombo, cha pili ni hali ya mtu, na hakuna kati ya hivyo viwili kilicho sawa na kujifunza.

Kabla ya hao wote kulikuwa na onyo la Richard Clark, aliyeandika mwaka 1983 kwamba vyombo vya kufundishia ni magari tu ya kupeleka mafunzo, na kwamba tofauti inapoonekana kati ya chombo na chombo, mtafiti anapaswa kwanza kuchunguza kama mbinu iliyobebwa ilikuwa ileile kwa pande zote mbili. Robert Kozma alimpinga, akisema kwamba kila chombo kina uwezo wake ambao mbinu fulani haziwezekani bila huo, na mjadala wao haujazimika hadi leo. Onyo la Clark lilikuwa na aya yake katika pendekezo letu la utafiti. Kisha tukapanga utafiti uliolikiuka, bila yeyote kati yetu kuona.

## Mpango wa awali

Makundi yalipaswa kuwa matatu. La kwanza lingevaa miwani. La pili lingetumia uhalisia ulioongezwa, ambapo moyo wa kidijitali unaonekana juu ya meza halisi kupitia kamera ya kishikwambi. La tatu lingeona moyo uleule kwenye skrini na kuugeuza kwa kipanya. Wanafunzi wangegawanywa kwa nasibu. Sauti ya msimulizi ilikuwa moja, mfano wa moyo ulikuwa mmoja, na muda ulikuwa dakika 25 kwa kila mtu.

Kupima kulikuwa na sehemu kadhaa. Kulikuwa na mtihani wa kabla na wa baada, wa maswali ya kuchagua jibu, yaliyotolewa katika hazina ya maswali iliyokuwapo tayari. Kulikuwa na hojaji ya hisia ya kuwapo, hojaji ya kufurahia somo, kipimo cha juhudi ya akili cha ngazi 9 kilichotungwa na Fred Paas, na hojaji ya Robert Kennedy na wenzake ya mwaka 1993, ambayo humtaka mtu aeleze dalili 16, kuanzia uchovu wa macho hadi kichefuchefu, kwa kiwango cha sifuri hadi tatu. Kamati ya maadili iliweka sharti kwamba kila mshiriki aelezwe kuwa anaweza kuvua miwani wakati wowote bila kutoa sababu, na kwamba kila mvaaji awe na msaidizi kando yake, kwa kuwa mtu aliyefunikwa macho anaweza kujikwaa au kugonga meza. Video za chumba zingerekodiwa kwa ajili ya usalama huo.

Sentensi moja katika mpango ndiyo ninayoirudia zaidi nikiyakumbuka haya, kwa sababu niliiandika mimi: mshiriki asiyemaliza somo ataondolewa katika uchambuzi. Ilionekana kuwa ya kawaida kabisa. Hakuna aliyeihoji.

## Yaliyotokea

Jaribio dogo la mwanzo lilifanywa na wanatimu na wenzao wa karibu, wote wakiwa watu waliokwisha kuizoea miwani. Kila kitu kilikwenda vizuri. Sasa ninaona kwamba jaribio lile lilitupima sisi na si somo, maana hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji kufundishwa namna ya kushika vidhibiti vya mkononi, na wala hakuna aliyekuwa akiujifunza moyo kwa mara ya kwanza.

Kundi la kishikwambi liliondolewa kabla ya kuanza. Ronald Azuma, katika mapitio yake ya mwaka 1997, aliweka masharti matatu ya uhalisia ulioongezwa: kuchanganya halisi na pepe, kujibu papo hapo, na vitu vya pepe kukaa mahali pake katika nafasi ya pande tatu. Sharti la tatu lilitushinda. Kadi zilizotakiwa kutambuliwa na kamera zilichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, taa za ukumbi zikarudisha mwako, na moyo ukawa unatetemeka na kuteleza juu ya meza. Karatasi isiyong'aa ingeliondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, lakini ratiba ya ukumbi haikuruhusu kuchapisha na kujaribu upya. Tuliendelea na makundi mawili.

Tangu siku ya kwanza baadhi ya wavaaji walivua miwani kabla ya muda. Wengine walisema kichwa kinazunguka, wengine walinyamaza tu na kuomba maji. Wasaidizi waliandika "hakumaliza" kwenye fomu na kumwita anayefuata. Katika kundi la skrini hakuna aliyeacha.

Matokeo ya kwanza yalifanana mno na yale ya Parong na Mayer. Kundi la miwani lilifurahia zaidi, likaeleza hisia kubwa ya kuwapo, na likapata alama za chini kidogo kuliko kundi la skrini. Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Muda wa ripoti kwa mfadhili ulikuwa umekaribia, na mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba makala ijengwe juu ya furaha na motisha, alama zikitajwa kwa ufupi mwishoni. Sitaki pendekezo hilo lionekane kama hila. Motisha ni jambo halisi, na modeli ya Makransky na Gustav Petersen ya mwaka 2021 inaiweka miongoni mwa njia ambazo uzamishaji unaweza kufikia kujifunza, pamoja na mvuto, kujiamini, uhusiano wa mwili na tendo, mzigo wa akili na kujisimamia. Ila modeli hiyo inazichukulia njia hizo kuwa za kupitia tu, na sisi tulikuwa tumeahidi kupima kufika.

Mtafiti mkuu aliuliza swali moja ambalo ninalithamini hadi leo: "Kuna mtu amewahi kukaa ndani ya kile chumba tangu mwanzo hadi mwisho?" Hakukuwa na yeyote. Wasaidizi walikuwa vibarua wa muda, na sisi tulikuwa tukipokea fomu.

Video zilikuwapo, lakini zilikuwa zimerekodiwa kwa ajili ya usalama, na fomu ya ridhaa haikutaja matumizi mengine. Tulirudi kwenye kamati ya maadili, tukaandika maombi, kisha tukawaomba washiriki ridhaa upya. Waliokataa, video zao hazikufunguliwa. Jambo hilo lilichukua wiki kadhaa na likatupitisha tarehe ya ripoti. Mtafiti mkuu alimwandikia mfadhili akieleza sababu, na akapewa nyongeza ya muda.

## Video zilionyesha nini

Wasaidizi walikuwa wakifundisha.

Hawakuwa na nia ya kuharibu lolote. Mvaaji alipouliza "hiki hapa ni nini?", msaidizi alitazama skrini ndogo iliyoonyesha kile anachokiona mvaaji, akajibu. Mvaaji alipokwama, msaidizi alimwambia ageuke kushoto, vali iko nyuma yake. Mwingine alimshika mkono mvaaji na kumwonyesha namna ya kuushika moyo na kuugeuza. Wasaidizi wengine walikaa kimya muda wote, na tofauti kati ya msaidizi msemaji na msaidizi mkimya ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote tuliyokuwa tumeikusudia. Wakati huohuo, katika chumba cha pili, wanafunzi wa skrini walikaa kwa safu, masikioni wana visikilizi, na hakuna aliyewasemesha.

Kwa hiyo kile tulichokiita athari ya miwani kilikuwa miwani pamoja na mwalimu binafsi asiye na maandalizi. Wala mwalimu huyo hakuwa msaada mtupu: mara nyingi sauti yake iligongana na ya msimulizi, na mwanafunzi akawa anasikiliza watu wawili wanaoeleza mambo mawili kwa wakati mmoja. Hatukuweza kusema kama wasaidizi walizipandisha alama za kundi la miwani au walizishusha. Hakuna hesabu ya kitakwimu inayoweza kutenganisha mambo ambayo mpango wenyewe uliyafunga pamoja, na niliposhauriwa nijaribu kuingiza "kiasi cha maneno ya msaidizi" katika modeli, nilikataa, kwa kuwa msaidizi alisema zaidi hasa pale mwanafunzi alipokuwa ameshindwa.

Jambo la pili lilikuwa muda. Dakika za kwanza za somo ziliishia kwenye vidhibiti: kidole kipi kinabonyeza wapi, nawezaje kusogea, mbona moyo umepotea. Muda huo ulikatwa kwenye zile dakika 25. Kundi la skrini lilianza kujifunza moyo tangu dakika ya kwanza, maana kila mmoja anajua kutumia kipanya.

Na kisha wale walioondoka. Nasibu hufanya kazi yake kwa sababu huyagawa makundi yafanane hata katika mambo ambayo mtafiti hayajui. Tulipowaondoa wasiomaliza, tulibaki na kundi la skrini lenye watu wote waliopangiwa humo na kundi la miwani lenye wale tu ambao miili yao iliistahimili. Hayo si makundi mawili ya nasibu tena. Mtu anayepata kizunguzungu haraka anaweza kuwa tofauti na wengine kwa mambo mengi, na kila moja la mambo hayo lilikuwa limechujwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili. Sentensi yangu ile ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Yeyote ambaye angeisoma ripoti yetu angeambiwa jinsi miwani inavyowafaa wanaoiweza, akidhani anaambiwa jinsi inavyowafaa wanafunzi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoichapisha awamu hiyo kama ulinganisho. Ingeandikwa, lakini kama awamu ya majaribio yenye makosa yake, na awamu ya pili ingefuata kwa washiriki wapya. Haukupita kwa urahisi. Walioupinga walisema kwamba matokeo yetu yanakubaliana na tafiti zilizochapishwa, kwa hiyo huenda ni sahihi. Hoja iliyowashinda ilikuwa kwamba matokeo yanaweza kukubaliana na ukweli kwa sababu zisizo za kweli, na kwamba mwalimu atakayetusoma atahitaji sababu ili ajue abadilishe nini darasani mwake.

Uamuzi wa pili ulibadilisha swali lenyewe. "Je, miwani ni bora kuliko skrini?" ni swali lisilo na jibu moja, maana linategemea somo lililowekwa ndani ya kila kimojawapo. Parong na Mayer walikuwa na jaribio la pili katika makala ileile ya mwaka 2018, ambalo sisi tulilisoma harakaharaka: wanafunzi waliotakiwa kuandika muhtasari baada ya kila sehemu ya somo la miwani walifanya vizuri kuliko walioipitia mfululizo. Tuliamua kuanzia hapo. Awamu ya pili ingekuwa na kundi la miwani bila mapumziko, kundi la miwani lenye mapumziko ya kuvua, kuchora na kueleza kwa maandishi kilichoonekana, na kundi la skrini lenye mapumziko yaleyale. Kundi hili la tatu lilizua ubishi, kwa kuwa lilionekana kuturudisha kwenye swali la zamani. Lilibaki kwa hoja kwamba, mbinu ikiwa imesawazishwa, angalau tungeona kama kuna kitu kinachobaki mikononi mwa kifaa chenyewe.

Mtihani ulibadilishwa, na kwangu huu ndio uamuzi uliokuwa na uzito zaidi. Hazina ya maswali iliuliza majina na mpangilio wa njia ya damu, mambo ambayo mchoro bapa unayafundisha vizuri sana. Tulikuwa tumenunua kifaa kwa ajili ya kuona umbo katika nafasi, kisha tukapima msamiati. Hapa ndipo nilipouelewa tofauti ule utafiti wa upasuaji wa 2002. Mfumo uliotumika pale haukuwa wa kuvaliwa kichwani. Ulikuwa skrini yenye mishikio ya vifaa vya upasuaji. Kilichofanana na kazi halisi kilikuwa tendo la mikono na jicho, na kipimo kilikuwa tendo hilohilo likifanywa kwa mgonjwa. Mtihani wetu mpya ulibaki na maswali ya majina, ukaongezewa kazi ya mikono: mwanafunzi alipewa mfano wa plastiki wa moyo, usio na maandishi, uliowekwa kwa mkao asiouzoea, akatakiwa kuchomeka pini mahali penye kila vali na kuonyesha ukuta wa kila chemba. Wasahihishaji wawili hawakujua mwanafunzi alitoka kundi gani. Mtihani ulirudiwa baada ya wiki mbili.

Mengine yalikuwa ya kiutendaji. Wasaidizi walipewa sentensi chache za usalama za kusema na kuagizwa kuandika chochote walichosema nje ya hizo. Wote, hata wa skrini, walikuwa na msaidizi. Kila mshiriki alifanya mazoezi ya vidhibiti kwa mchemraba wa rangi kabla saa ya somo haijaanza kuhesabiwa. Safari ya kuelea ndani ya moyo iliondolewa, kwa sababu jicho lilipokuwa likiambiwa mwili unasonga huku sikio la ndani likisema umetulia, mgongano huo ndio uliozaa kichefuchefu kwa wengi. Mwanafunzi sasa alisimama mahali pamoja na kuugeuza moyo kwa mkono. Umbali kati ya lenzi ulirekebishwa kwa kila mvaaji, jambo ambalo katika awamu ya kwanza halikufanywa kabisa, ingawa Kay Stanney na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2020 kwamba lenzi zisizolingana na umbali wa mboni za macho ni chanzo kikubwa cha kuugua, na kwamba wanawake ndio wanaoathirika zaidi kwa vile vifaa vingi haviwatoshei.

Aliyevua miwani aliendelea kuwa mshiriki. Alipumzishwa, akaulizwa kama yuko tayari kufanya mtihani, na alama yake ilihesabiwa katika kundi alilopangiwa. Mpango mzima wa uchambuzi uliwekwa hadharani kabla ya kukusanya data.

## Matokeo

Katika maswali ya majina, makundi mawili yenye mapumziko hayakutofautiana kwa namna ya kutajika, na kundi la miwani bila mapumziko lilibaki nyuma. Katika kazi ya pini, miwani yenye mapumziko ilitangulia skrini yenye mapumziko siku ileile ya somo. Baada ya wiki mbili tofauti hiyo ilikuwa bado upande uleule lakini imepungua, na mipaka ya makadirio ilikuwa mipana kiasi kwamba hatukuweza kudai kwa uthabiti kwamba ipo. Tuliandika hivyo.

Furaha ilikuwa juu katika makundi yote mawili ya miwani, na haikuenda sambamba na alama. Waliovua kabla ya muda walipungua sana, ila hawakuisha.

Makala ilipopelekwa jaridani, mmoja wa wapitiaji alishauri awamu ya kwanza iondolewe ili simulizi iwe safi. Tulijibu kwamba awamu ya kwanza ndiyo inayoeleza kwa nini awamu ya pili ina umbo lile, na mhariri akakubali ibaki kwa ufupi.

## Uchambuzi

Lililofaa zaidi ni kusimama kabla ya kuchapisha, na liliwezekana kwa sababu mtafiti mkuu alikuwa tayari kumwandikia mfadhili barua ngumu. Mpango mzuri bila mtu wa kubeba gharama hiyo usingetuokoa. Kurudi kwa kamati ya maadili pia kulifaa kuliko tulivyotarajia, maana katika kuandika sababu za kutaka kuzitazama video tulilazimika kusema waziwazi ni nini hatukijui kuhusu chumba chetu wenyewe.

Lililoshindwa kwanza ni usawa wa kuonekana. Tulisawazisha sauti, mfano na muda, tukaridhika kwamba mbinu ni moja. Lakini usawa wa karatasi ulihusu vitu vilivyotengenezwa na programu, na kujifunza kulikuwa kukitokea pia katika vitu visivyotengenezwa na programu: swali linaloulizwa kwa sauti, mkono unaoongozwa, ukimya wa safu ya kompyuta. Kifaa cha kuvaliwa kichwani huleta watu wake chumbani. Sharti la usalama, ambalo ni la haki kabisa, ndilo lililomleta msaidizi, na kwa kuwa aliletwa na maadili hatukumhesabu kama sehemu ya ufundishaji.

Lililoshindwa pili ni kipimo. Nimeona tafiti nyingi katika uwanja huu zinazotumia mtihani uliokuwapo, na sababu inaeleweka: mtihani huo umeshajaribiwa, na walimu wanauamini. Hata hivyo mtihani uliozaliwa katika zama za mchoro bapa unauliza kile ambacho mchoro bapa unakitoa. Mtafiti anayetaka kujua kama kuona katika pande tatu kunafaa lazima aanze na kazi ambayo pande tatu zinahitajika, kisha arudi nyuma kuliunda somo. Sisi tulianza na kifaa.

Kuhusu jaribio la mwanzo, kosa lilikuwa la urahisi tu wa kuwapata watu, na sina zaidi la kusema ila kwamba wageni wachache wasiojua moyo wala miwani wangetuonyesha tatizo la vidhibiti ndani ya asubuhi moja.

Ninasita zaidi kuhusu kundi la kishikwambi. Kuliondoa kulikuwa sahihi kwa wakati ule, lakini kulituondolea njia ambayo mwanafunzi anaona moyo wa pande tatu huku akimwona mwenzake na meza yake, bila kufunikwa macho, na pengine bila kuhitaji msaidizi. Kwa jinsi msaidizi alivyogeuka kuwa kiini cha kisa chote, ninaamini kundi hilo lingetufundisha zaidi kuliko lingine lolote, na utafiti mwingine ukianza leo ningeliweka mbele.

## Data za mwendo wa kichwa

Jambo la mwisho lilijitokeza tulipofunga awamu ya pili. Miwani hurekodi mahali kichwa na mikono ilipo mara nyingi kwa kila sekunde, nasi tulikuwa na rekodi za kila mvaaji. Tuliziona kama namba zisizo na majina. Mark Roman Miller na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2020 kwamba programu iliyofunzwa kwa chini ya dakika 5 za rekodi kama hizo inaweza kumtambua mtu mmoja miongoni mwa 511 kwa usahihi wa takribani asilimia 95. Kwa kipimo hicho, faili zetu zilikuwa na utambulisho wa watu hata baada ya majina kufutwa, na kuziweka katika hifadhi ya wazi, kama tulivyokuwa tumepanga kwa nia njema, kungekuwa kuwatoa washiriki wetu hadharani.

Tulitoa vipimo viwili kwa kila mvaaji, yaani muda aliotazama upande wa nyuma wa moyo na idadi ya mara alizougeuza, kisha rekodi ghafi zikafutwa. Baada ya makala kutoka, mwenzetu mmoja aliuliza kama wale waliosita kidogo kabla ya kuugeuza moyo ndio waliokumbuka zaidi baada ya wiki mbili. Ni swali zuri, na pengine lingeeleza kwa nini mapumziko yalisaidia. Linahitaji rekodi ambazo hatunazo tena. Fomu ya ridhaa iliyorekebishwa ilikuwa imewaambia washiriki kwamba rekodi hizo zitafutwa.